Sindano Haikukuua, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui huko uliko kama kuna njia ya kuniitikia marahaba, ila sijawahi kuanza mazungumzo nawe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Nimechoka, Baba. Nimetoka kazini Croydon, tramu, halafu treni, hadi hapa Barking, na miguu inawaka moto. Kutwa nzima nimeshinda kliniki nikifundisha watu kuishi na kisukari: kupima sukari, kukagua nyayo, kujidunga. Mzee mmoja Mkongomani ameniuliza kama ni kweli insulini inaua. Nikamwambia haiui, mzee wangu, kinachoua ni sukari iliyoachwa ikapanda. Akaniamini palepale. Mtu baki ananiamini! Halafu narudi nyumbani, nafungua friji, sindano za Mama ziko mlangoni kando ya tui la nazi, na boksi halijafunguliwa.

Vidonge havimtoshi tena, Baba. Amekonda, macho yameingia ukungu, akipanda ngazi anapumzika katikati. Daktari alimwandikia insulini tangu baridi ianze. Mbele ya daktari huitikia kwa adabu zote, tukifika nje ananigeukia: “Hiyo ndiyo iliyomuua baba yako. Mnataka mnizike na mimi?”

Maneno hayo yalizaliwa kwenye msiba wako. Wewe ulikuwa ukitucheka, ukisema misiba yetu humgeuza mfiwa redio, kila anayeingia anataka taarifa ya habari kuanzia mwanzo. Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mgeni aliketi mkekani, akampa Mama mkono, akauliza, “Ilikuwaje?” Siku ya kwanza alisimulia hadi gari la wagonjwa lilivyokosa pa kuegesha. Siku ya pili akaanzia wodini. Kufikia hitima sauti imemkauka, alibaki na haya tu: “Walimdunga sindano ya sukari, wiki haikwisha, akafa.” Wanawake wakatikisa vichwa, na kisa chako kikabaki hivyo.

Mimi nakukumbuka ukiwa kwenye usukani wa basi lako, na mimi na begi la shule, ukinitangaza kwa Kiswahili kwa abiria wasioelewa kitu: “Daktari amepanda, tulieni!” Nilikuwa naona aibu, jamani, na nilikuwa naipenda ile aibu. Baadaye, nikiwa nesi kweli, nilikusihi uanze insulini. Ukacheka. “Nikianza sindano, nani atanipa basi?” Uliogopa kunyang’anywa leseni. Nilikuelewa, na nilikukasirikia, na hasira bado ninayo.

Leo nimemkuta Mama Salma sebuleni, yule rafiki wa Mama wa kutoka Tanga. Ulipofariki alikuwa nyumbani Tanga, kwa hiyo ndiyo kwanza anakuja kutoa pole. Akauliza lile swali: “Ilikuwaje, dada yangu?” Mama akafungua mdomo. Nikamtangulia. Najua si adabu, lakini nilikuwa nimechoka kusikia sindano, sindano.

“Ngoja nikusimulie mimi, Mama Salma, tangu mwanzo.” Nikasema ulianza na homa, ukalazwa, ndipo kidole cha mguu kikaharibika.

“Hapana,” Mama akanikatiza. “Kidole kilitangulia. Kilianza kuoza tangu Ramadhani. Nilikuwa namwosha kwa maji ya chumvi kabla hajavaa soksi za kazini.”

Kumbe ndiyo maana hukuvua soksi mbele yangu.

“Na sindano?” Mama Salma akauliza taratibu.

“Alidungwa hospitali. Mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi.” Mama akaweka kikombe chini. “Alinikataza nisimwambie mtu. Hata huyu mtoto, nesi wa watu, alinikataza nisimwambie. Sasa kama si sindano iliyomuua, ni nani? Si ni mimi?”

Baba, mwaka mzima nimemfundisha Mama kama ninavyowafundisha wale wa kliniki. Nimemchorea kongosho kwenye karatasi. Nilidhani haelewi, na masikini alikuwa anaelewa vizuri mno. Alishikilia ile sindano kwa sababu akiiachia, lawama inamrudia yeye.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, “Si wewe, Mama. Ni Baba. Mguu ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyekataza.” Mama Salma akashtuka, marehemu hasemwi. Mama akalia kilio ambacho msibani hakukilia, mgeni wake akimshika mabega, nami nimelaza kichwa mapajani mwake kama mtoto.

Mama Salma alipoondoka, Mama akapandisha blauzi mwenyewe, akageuzia uso ukutani. “Haya, nidunge,” akasema, “kabla sijabadili mawazo.” Nikamdunga. Akauliza, “Ndiyo imekwisha?” Nikamwambia imekwisha. Sijui kesho atasemaje. Kesho nitamwomba tena, nikiwa nimechoka vilevile.

Nakupenda, Baba, na Mola akulaze pema. Ila lawama yote nimekutwika wewe, na sikuombi radhi. Wewe haitakuumiza tena. Mama bado namhitaji.

Ni mimi,
binti yako mkubwa