Vipimo Vitano, Nikaandika Kimoja

Mpendwa Shangazi, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa. Mimi ni mtakwimu katika ofisi inayochora upya majimbo ya uchaguzi, na mkuu wangu ni mjomba, aliyenilea tangu mama alipofariki, na ramani kaichora yeye. Nilipewa niipime kama inavitendea haki vyama vyote viwili, nikatumia vipimo vitano, vinne vikaikataa katakata, kwa sababu vyama hivi vinakaribiana kwa kura lakini ramani inakipa kimoja viti saba kati ya kumi, wafuasi wa kile kingine wamerundikwa kwenye majimbo matatu wanakoshinda kwa kura za kumwaga, kwingine kote wametawanywa ili washindwe kidogo tu, na hata kompyuta ilipochora ramani elfu moja bila kujua nani anapigia chama gani, hakuna hata moja iliyopendelea hivyo. Kipimo cha tano kinaangalia umbo tu, kama mipaka imenyooka, na kwa hicho ramani ikafaulu. Shangazi, kwenye ripoti nikaandika hicho kimoja! Mjomba akanipiga begani, "Umeona, mwanangu? Haina pembe wala mkia, nani atalalamika?" Ijumaa naapa mbele ya kamati inayoidhinisha ramani kwamba ni ya haki. Damu nzito kuliko maji, nifanyeje?

Mpimaji

Mpimaji, pole, nakuonea huruma kweli. Lakini usinililie kana kwamba mjomba alikushika mkono. Kalamu ilikuwa yako. Mgonjwa ana homa, presha imepanda, kifua kimebana, damu imepungua, wewe unaandika kucha zake ni safi! Mficha maradhi kifo humuumbua.

Leo hii andika ripoti upya, vipimo vyote vitano ukurasa wa kwanza, hicho cha umbo nacho kiwemo. Kesho mfuate mjomba nyumbani, si ofisini. Mwamkie, kaa, msomee mwenyewe, umpe nafasi ya kuiondoa ramani kwa mkono wake. Hiyo ndiyo heshima. Kumwacha aumbuke kamatini siyo. Akikataa, Ijumaa ripoti hiyohiyo iende, na usiape kingine.

Najua unataka nikuahidi kwamba atakusamehe. Siwezi, mwanangu. Huenda akakaa miaka bila kukuita. Nenda hivyohivyo.