Ubao wa Kukulia

Richfield, Minnesota

Kwa kaka yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Hujambo, kaka? Mama anaendeleaje na eda yake, na ile presha imeshuka? Wifi na watoto nao? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inayotutawala. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Nikiishika nasema "sawa", "sawa", halafu nakata.

Najua shangazi anasema nini. Kwamba tangu baba azikwe sijatoa chozi, Marekani imenigeuza jiwe. Sikukasirika, na hilo ndilo linalonitisha. Siku uliyonipigia ukanieleza mlivyomwosha baba, mlivyompima na kumkatia sanda, nami siwezi kuja kwa kuwa karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka, nilisema sawa, nikaenda kuosha vyombo. Kesho yake nikaenda kazini. Nakula, nalala, naamka. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unauona upo, ukiubana hausikii. Nikaanza kuogopa kwamba labda shangazi kasema kweli.

Sasa habari za mpwa wako Zuhura. Msimu huu wa baridi darasa lao hupelekwa kilimani kuteleza kwenye theluji. Mtu anafungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, anashuka mlima kasimama ubavu. Usicheke, ndivyo walivyo. Basi Zuhura akataka ubao wake mwenyewe. Na unamjua, kachukua kimo cha baba, wenzake wote wanamzidi kichwa.

Nikaenda duka la mitumba kule Woodbury, nikanunua ubao uliompita utosi. Wala sikuwaza mara mbili. Kwani sisi tulivalishwaje? Baba fundi mzima, cherehani yake mwenyewe, lakini sare zetu zilifagia sakafu. "Utakulia humo humo." Nimemaliza shule sijaifikia ile sketi! Hata magauni aliyowapa wasafiri wamletee Zuhura yalikuwa hivyo hivyo. Kwenye simu anamuuliza, "Imekuenea?" Mtoto anainua mikono, vidole havionekani. "Bado, babu." Baba anacheka mpaka anakohoa.

Jumamosi nikampeleka kilimani ajizoeze. Kaka, alianguka huyo! Yeye akitaka kukata kulia, ubao unanyoosha moja kwa moja hadi kwenye wavu. Mwisho akaja kukaa karibu yangu, akasema kwa Kiingereza chake kwamba hawezi, hataki tena, twende nyumbani. Nikamwambia sawa. Sawa ile ile.

Kuna Mkenya mmoja, Otieno, siku za wiki anahudumia wazee, Jumamosi yuko kwenye kibanda cha kukodisha vifaa pale kilimani. Alitusikia.

"Mama, hii board uli-buy ya nani?"

"Yake. Atakulia."

"Haki, mama! Hii si sweta ya shule. Mtoto ni mwepesi, hawezi kui-bend, hawezi kui-turn. Sasa ni board ndio ina-drive mtoto. Ako na kilo ngapi?"

Aliuliza uzito kabla ya kimo. Akanieleza kwamba ubao hupindwa na uzito wa anayeupanda, kwa hiyo mtu mdogo akipewa mrefu anabebwa tu kama mzigo. Wa kufika kidevuni unamtosha, na kwa anayeanza hata chini kidogo ya hapo. Nikabisha, nikasema mwakani atakuwa amerefuka. "Aki-grow mtarudi tubadilishe," akasema, akachukua kamba.

Akamwambia Zuhura asimame wima, mikono chini, asitikisike. Akavuta kamba kutoka kwenye nyayo mpaka chini ya kidevu. Mtoto alifumba macho kwa sababu ya upepo. Nikamwona baba. Mlipompima sikuwepo, kaka, lakini pale nilimwona: mfupi, ametulia, watu wanampima na yeye hasemi kitu.

Otieno akaleta ubao mfupi, mwembamba, ambao mimi ningeuita wa mtoto mchanga. Zuhura akapanda kidogo, akashuka polepole, akakata kushoto, akakata kulia, akaja kusimama mbele yangu bila kuanguka. Theluji imemjaa kwenye kope. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema, kwa Kiswahili, "Imenienea."

Nililia, kaka. Nililia kwa sauti katikati ya watu wenye helmeti, Otieno akaja mbio akidhani mtoto ameumia. Zuhura akanikumbatia na ubao wake miguuni, tukaanguka wote wawili. Leo ganzi imerudi kidogo, lakini sasa najua nikibanwa nasikia.

Nisalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Nisalimie wifi, na yule mwanafunzi wa baba aliyebaki na cherehani, aitunze. Shangazi naye msalimie, sina kinyongo.

Siku ile ulinieleza yote, mimi sikukuuliza hata neno. Sasa nakuuliza, nijibu hili tu. Sanda mliikata kwa kipimo chake? Ilimwenea?

Mdogo wako,
Mwanahawa