Nimetupa Dawa ya Mjukuu Wangu, Je, Nitupe na Hii?

Mshauri mpendwa, pokea salamu za mzee mwenye afya yake, meno ninayo yote isipokuwa matatu, na miwani navaa kwa heshima tu. Naomba msaada wako ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, mtaa mzima unajua hivyo, wao ndio huja kwangu. Mimi ni fundi seremala mwaka wa arobaini na sita sasa, kazi yangu hasa ni kupiga msasa na vanishi, na ndiyo maana wananiita Mzee Msasa, na meza niliyoipiga mimi ukiinama unajiona mpaka vinyweleo vya puani. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, shule niliishia darasa la tatu, si kwa ujinga, ni kwamba mwalimu aliona namzidi hesabu, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usijali, isome hivyohivyo ikiwa imelala.

Jambo lenyewe ni la mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, tunaishi nyumba moja sisi watatu. Ana miaka ishirini na tatu, ni mwalimu wa chekechea, mzuri, amenifuata mimi, ila tangu akiwa shuleni uso wake unaota chunusi, na zikipona zinaacha madoa meusi na vishimo mashavuni. Akaenda hospitali kwa daktari wa ngozi, akapewa dawa ya tyubu ya kupaka usiku, na baada ya wiki moja na nusu nikaona ngozi inabanduka kama rangi ya dirisha kuukuu. Nikamwambia, "Mjukuu, hiyo dawa inakumenya."

Akasema, "Babu, daktari alinieleza, itabanduka kwanza halafu itatulia."

"Huyo daktari ana miaka mingapi?"

"Sikumuuliza, Babu."

"Basi mimi nina sabini na mbili."

Akacheka akaenda kuoga, na mimi nikaichukua ile tyubu nikaitupa kwenye gunia la maranda ya mbao, na gunia likachukuliwa na mfuga kuku wa nyuma ya karakana kama kawaida yake kila wiki, na mjukuu akaitafuta dawa siku mbili, akapindua kitanda, akapindua kabati, na mimi nikamsaidia kutafuta. Sasa mshauri usinikunjie uso, maana nilikuwa na mpango. Miaka yote hii, mteja akiniletea meza yenye doa la wino sipigi kelele, napaka limau, nasugua, naiweka juani, doa linakwenda zake. Nikajiuliza, doa ni doa, hili la uso lina ujeuri gani kuliko la wino? Nikamweleza mjukuu, akasitasita, nikamwambia jaribu siku moja tu, na kwa kuwa dawa yake haionekani, na kwa kuwa ananiheshimu, akakubali. Jumamosi nikamkalisha uani kwenye stuli, nikakamua malimau mawili, nikachanganya na chumvi ya mawe iwe kama msasa laini, akajisugua yeye mwenyewe, mimi nikiwa msimamizi tu, akakaa juani toka saa nne mpaka saa sita, akisema "Babu inawasha" na mimi nikisema "ndiyo inafanya kazi".

Mshauri, haikufanya kazi. Jumapili uso ulikuwa mwekundu umevimba, na katikati ya wiki ukawa na mabaka meusi kuliko madoa ya mwanzo, na pale limau lilipochuruzika pakabaki mchirizi mweusi toka shavuni mpaka shingoni. Akaenda kazini hivyohivyo, na watoto wa chekechea unawajua, mmoja akamuuliza, "Mwalimu, nani amekuchora?" Akacheka nao, akaimba nao, akarudi nyumbani akalia chumbani kwa mama yake. Binti yangu akatoka akasimama mlangoni kwangu mikono kiunoni, akaniambia, "Baba, uso wa mwanangu si kabati!" Nikamjibu kabati lina shukrani.

Hilo jibu sasa naona halikuwa zuri sana, hasa kwa sababu jioni ileile mfuga kuku akaja na tyubu mkononi, akauliza mbele ya wote, "Mzee Msasa, hii ni yenu? Nimeikuta ndani ya maranda." Mjukuu akaitazama tyubu imepasuka imekauka, akanitazama mimi. Tangu siku hiyo ni wiki ya tatu. Asubuhi ananipa shikamoo kwa kuwa amelelewa, lakini shikamoo yenyewe kavu, macho kwenye sakafu, basi, hakuna la pili. Ukurasa huu wako alikuwa ananisomea yeye kila Jumamosi, tunawacheka wenye shida zao.

Ningevumilia, mimi ni mgumu kama mninga. Lakini juzi nimeona dirishani kwake kikopo cha krimu, hakina jina la dawa, hakina jina la kiwanda, kina picha ya mwanamke mweupe kama chaki, na binti yangu anasema mjukuu amekinunua kwa msusi, aliyemwambia madoa yote yatakwisha ndani ya wiki moja na ngozi itang'aa, na ataanza kukipaka Jumatatu. Nilikifungua nikanusa, mshauri, nakuambia kweli, kinanuka kama kile tunachotumia kubandulia vanishi ya zamani. Nikimwambia asipake, atanisikiliza kwa sikio gani? Nikikitupa, nitakuwa nimetupa cha pili. Mkono umeniwasha mara tatu kukichukua. Je, nikitupe?

Ni mimi, Mzee Msasa.

JIBU

Shikamoo, Mzee Msasa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini, ya pili nikamfikiria yule mwalimu akiimba na watoto huku shingo yake ina mchirizi mweusi, kicheko kikaisha.

Usikitupe. Na mkono ukiwasha, ukalie.

Pua yako lakini iko sawa, na hofu yako ni ya kweli. Krimu isiyo na jina la dawa wala la kiwanda huwezi kujua ndani yake wametia nini, na nyingi za namna hiyo zina dawa kali za kuchubua, nyingine zina zebaki. Mtu hung'aa wiki mbili tatu, halafu ngozi inakuwa nyembamba, inashindwa kuhimili jua, na chunusi zinarudi na jeshi. Mjukuu wako ni msomi, haya akiambiwa atayaelewa. Tatizo ni kwamba anayejua ni wewe, na wewe umejiziba mdomo mwenyewe.

Kuhusu limau nitakusema kidogo, univumilie. Meza haina damu, mzee wangu. Ule mti ulikwisha kufa kabla hujaupiga randa, ndiyo maana unausugua na hausemi "inawasha". Ngozi iliyo hai ukiipaka limau ukaipeleka juani inaungua, na ikishaungua inajitetea kwa kuweka weusi. Wewe fundi wa miaka arobaini na sita, ubao mbichi ungeuanika jua la saa sita? Ungepasuka, na ungemfukuza kazi aliyeuanika.

Na ile tyubu ilikuwa inafanya kazi yake. Dawa nyingi za chunusi hukausha ngozi na kuibandua kidogo mwanzoni, na ikizidi mgonjwa anarudi kwa daktari apunguziwe. Harudi kwa seremala.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya Jumatatu, bisha hodi mlangoni kwake. Mwambie uliichukua dawa yake, ukaitupa, ukajifanya kuitafuta naye siku mbili. Hiyo ya kutafuta itaje kwa kinywa chako, maana nadhani ndiyo inayomuuma kuliko limau. Usimwambie ulikuwa na nia njema. Nia njema ilikuwa ndani ya gunia lilelile la maranda. Usimtajie umri wako. Omba msamaha kisha nyamaza, hata akinyamaza na yeye. Samahani ya mzee haimpunguzii ndevu.

Ukishamaliza hayo, ndipo umwambie unachokiogopa kwenye kikopo, na umwombe asikipake mpaka daktari akione. Umwombe, nimesema, usimwamrishe. Kama amekwisha kuanza kukitumia, aende mapema zaidi wala asifiche kitu, maana krimu nyingine hazifai kuachwa ghafla bila daktari kujua.

Nawe mjukuu, kama gazeti hili limekufikia: kwa sasa uso uupumzishe. Osha mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni laini, si ya kufulia. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Mchana vaa kofia pana au paka losheni ya kukinga jua, maana jua ndilo linalokoleza madoa. Usitumbue chunusi, hata ile moja inayokuita kwenye kioo. Mabaka ya limau na madoa meusi hufifia, lakini kwa miezi, si kwa wiki, na anayekuahidi wiki anakuuzia kitu. Vishimo ni kovu, haviondoki kwa krimu ya dirishani. Muulize daktari njia zilizopo, usiharakishe. Na watoto wa chekechea wamekuuliza nani amekuchora kwa sababu wanakutazama, na wanakutazama kwa sababu wanakupenda. Usiache kwenda kazini.

Mzee, siku ya kurudi hospitali omba kumsindikiza. Akikataa, kubali. Akikubali, vaa shati safi, mkae benchi moja, na kikopo akishike yeye. Ndani usimfundishe daktari kitu chochote, hata akiwa kijana kuliko randa yako. Lakini atafungua faili, na lazima atauliza ile dawa ya kwanza ilikwenda wapi. Hapo mjukuu wako atainamisha kichwa atafute uongo wa kukusitiri, kwa kuwa amelelewa, umesema mwenyewe. Usimwache aseme. Nyoosha mkono, useme, "Daktari, ni mimi."