Meza Kidonge Kizima

Mama,

Habari ya Kiwanjani? Mgongo unaendeleaje, na mvua imefika Kipsing waliko ngamia wa kaka? Huku Ujerumani mwili wangu ni mzima, ila roho haitulii. Tangu dada Akai anipigie simu Jumapili sikai kitako. Nainuka, nachungulia dirishani, narudi kitandani.

Alisema hivi: "Mama anaponda ile dawa yake ya titi anaweka kwa maziwa ya ngamia, wanagawana na jirani, Mama Ewoi, naye ana uvimbe kwenye titi. Anasema ni wewe ulimwambia."

Ni kweli nilikuambia. Siku ile kwenye simu nilikuwa najisifu. Nilikueleza kwamba chembe za mwili hutoa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, kwamba hata maziwa ya ngamia yanavyo, na kwamba hapa maabara tunavitia dawa ili vikaifikishe penye uvimbe, hivyo dawa kidogo tu itatosha. Nawe ukapiga hesabu yako: kama kidogo kinatosha, changu kitatutosha wawili. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu umeponza vichwa viwili.

Sasa nisikilize, maana haya sikuyasema kwenye simu. Vifuko hivyo tunavitenga kwa mashine, kazi ya kutwa nzima, na kuvitia dawa ni kazi nyingine tunayoshindwa mara nyingi. Mpaka leo tumewapa panya tu. Kidonge ukikiponda kwenye maziwa kinabaki kidonge kilichopondwa, basi. Na nusu yake haikulindi. Uvimbe unaweza kurudi, Mama, na mimi naogopa. Tafadhali meza kizima, kwa maji, kila asubuhi, kama daktari alivyokuagiza.

Najua utaniuliza, "Na Mama Ewoi je?" Akai anasema hata hajapimwa, anaogopa kisu. Siku yako ya kliniki mwende pamoja, usimwache mlangoni, uingie naye hadi kwa daktari. Kabla ya hapo mwonyeshe kovu lako, aone limepona.

Nisalimie kaka akirudi malishoni, na shangazi muuza mboga, mwambie sijasahau maneno yake kuhusu kuolewa. Akai mwambie asante kwa kukuchongea kwangu.

Mama Ewoi mwambie ukweli: dawa niliyoisifu bado tunaijaribu kwa panya tu, na siku zote alizokunywa yale maziwa akingoja kupona, ni mimi niliyempotezea.

Mwanao,
Arot