Kibanda Namba 41 na Simu Isiyokiona

CHAMA CHA WAUZAJI WA SOKO LA PAA JEKUNDU, MACHAKOS

Kumbukumbu za kikao cha kamati cha Jumatano, 12 Machi 2025, kilichoanzia ofisini saa tisa alasiri na kumalizikia kwingine, kama itakavyoonekana.

Waliohudhuria: Bw. Ndunda (Mwenyekiti), Bi. Nduku (Katibu), Bw. Musili (mjumbe, muuza beseni)
Walioalikwa: Bi. Linet (fundi wa programu ya soko), Bi. Kamanthe (msukaji wa vikapu vya viondo, kibanda 41)
Asiyekuwepo: Bw. Ngui, bila udhuru, mara ya tatu

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala. Ilikuwa fupi kwa kuwa Bw. Musili alikuwa ameshaanza kuzungumza.

KUMB. NA. 2/3/2025: OMBI LA KIBANDA 41
Bw. Musili aliikumbusha kamati kanuni ya Januari, kwamba kibanda kisichopata wateja kwa miezi miwili apewe muuzaji mwingine. Alisoma ripoti ya programu inayoonyesha kwenye simu mteja yuko wapi ndani ya soko. Mbele ya kibanda 41 hakusimama mteja hata mmoja. Kwenye chake, namba 37, wateja wameongezeka maradufu. Aliomba apewe 41 apanue biashara.

Bi. Kamanthe alipoulizwa alijibu: "Wateja niko nao. Juzi tu nimeuza viondo vinne. Hiyo simu ndio haina wateja." Aliongeza kwamba ameuza miaka thelathini na moja, na akitolewa atarudi kijijini Mitaboni kupanda kunde, hatapiga kelele.

Mwenyekiti alisema kwamba neno kelele lisitumike. Katibu anaeleza sababu. Katika soko la zamani, kabla halijabomolewa, mgeni akiuliza viondo viko wapi aliambiwa langoni, "Fuata sauti." Bi. Kamanthe alikuwa akiita tangu asubuhi, sauti ndefu iliyopita juu ya dagaa na mitumba, na hakuna aliyepotea. Tulipohamia jengo jipya, Mwenyekiti alipiga marufuku kuita wateja, akisema kwa mwangwi wa jengo ni kelele. Ndipo ikaletwa programu ya kuwaelekeza wateja. Katibu anakiri kwamba anaikosa sauti ile sana, na aliunga mkono marufuku hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

KUMB. NA. 3/3/2025: MAELEZO YA FUNDI
Bi. Linet alieleza kwamba simu hupima nguvu ya waifai kutoka vifaa vitatu vilivyo darini, kisha hulinganisha na vipimo alivyochukua mwenyewe akisimama mbele ya kila kibanda. Katibu aliuliza alivichukua lini. Alijibu kwamba ni Jumapili baada ya ibada, soko likiwa limefungwa, ili asisumbue mtu.

Bi. Kamanthe aliuliza kama siku hiyo gunia za mahindi za jirani yake zilikuwepo. Bi. Linet, akimwita bibi kwa Kikamba, alisema, "Hazikuwepo, Susu. Wala watu." Alikubali kwamba gunia na miili ya watu hupunguza nguvu ya mawimbi, na kwamba alipima soko lisilo na soko ndani yake.

Bw. Musili alisema hayo ni maneno ya kumwonea mama huruma. Mwenyekiti aliamuru kikao kihamie kibanda 41.

KUMB. NA. 4/3/2025: UKAGUZI
Wajumbe walisimama mbele ya viondo, gunia zikiwa zimefika karibu na dari. Bi. Linet aliwasha programu. Simu yake ilisema yuko kibanda 37. Ya Katibu ilisema hivyo hivyo. Bw. Musili aliombwa awashe yake. Alisema chaji imeisha, kisha ikalia.

KUMB. NA. 5/3/2025: MAAZIMIO
Ombi la Bw. Musili lilikataliwa. Bi. Linet atapima upya siku ya soko, watu wakiwemo. Hadi atakapomaliza, Bi. Kamanthe anaruhusiwa kuita wateja. Mwenyekiti aliomba asiite kwa nguvu sana. Bi. Kamanthe alisema hajui kuita namna nyingine.

Aliita mara moja, kujaribu. Wanawake wawili waliokuwa kwenye ngazi waligeuka na kuja moja kwa moja, bila simu mkononi. Mwenyekiti alivua kofia. Katibu aliweka kalamu chini.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini, mbele ya kibanda 41. Kwa mujibu wa simu, wajumbe wote walikuwa dukani kwa Bw. Musili.

Sahihi: Ndunda, Mwenyekiti
Sahihi: Nduku, Katibu