Kangaga za Baba Kendi

Jumamosi, Agosti

Hapana. Nilisema hapana mbele ya fundi, na sijutii.

Shemeji Murithi alifika asubuhi na fundi, saruji na maboksi ya vigae vyeupe. Anataka kaburi la mume wangu lipendeze kabla ya ibada ya ukumbusho. Alipoona kangaga, ile mimea ya miambani, nilizopanda juu yake, zimejikunja na kuwa kahawia, akacheka.

"Mama Kendi, wageni waje kuona takataka hizi? Zimekufa!"

"Hazijafa. Zinangoja mvua."

"Kama unavyomngoja ndugu yangu?"

Fundi aliangalia chini. Mimi nilisimama mbele ya toroli la saruji, na sikuondoka.

Baba Kendi alizitoa kwenye miamba ya mlimani, akazileta ndani ya kofia yake. Nilizimwagilia maji kila siku mpaka nusu zikaoza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umezoea viazi wewe. Hizi ziache na mawe yao." Zilizobaki ndizo nilizompandia.

Kusema kweli, naogopa. Hazijawahi kukauka hivi, na leo nilipogusa jani moja lilivunjika. Labda Murithi anasema kweli, na wageni watanicheka.

Wacheke. Hata zikiwa zimekufa, ni zake, alizibeba kwa mikono yake. Vigae hakuvipenda hata siku moja.

Shemeji aliondoka bila kunywa chai, akaacha maboksi uani. Yakiwa bado hapo Jumatatu, fundi ataviweka vigae hivyo bafuni.