Kwa Mama Yetu Verna, Waliyesema Akili Zimemruka

Umetimia mwaka, Mama, tangu tukulaze kwenye safu ya akina Trebbin nyuma ya kanisa la Lindenhain, ardhi ikiwa imelowa mvua ya Julai na mizabibu yote ya bonde imebaki vijiti vitupu.

Wanaotoa kumbukumbu kwenye gazeti hili huandika kwamba machozi yamekauka na mioyo imetulia. Sisi tunakiri la kwanza tu. Machozi yamekauka. Moyo haujatulia, wala hatuna haraka ya kuutuliza.

Ulikuwa mwema, Mama, na wema wako ulikuwa wa mikono. Mtu akitoka hospitali, sufuria yako ya supu ya kuku ilikuwa imeshamtangulia nyumbani. Mjane hakuwahi kula peke yake Jumapili ya kwanza baada ya mazishi. Matango yako ya siki yalishinda kwenye maonyesho mpaka majaji wakaanza kuona haya, wakakuomba uwe jaji ili wengine nao wapate.

Kanisani ulipiga kinanda tangu ukiwa msichana, tena ulikipiga mbio. Mjomba Elmore, mdogo wako, alikuwa akikulalamikia mlangoni, "Dada, tunaimba au tunafukuzwa na mbwa?" Ukamjibu, "Mkiuvuta wimbo, nyama yangu inaungua jikoni."

Lakini kazi uliyoipenda kuliko zote ni ile ya Jumapili mchana. Vyombo vikishaoshwa, meza ya jikoni ilifutwa, na akina Trebbin wanne tukakaa kuandika habari za ukoo wetu: wewe, Mjomba Elmore, mimi binti yako Meredith, na binamu yako Mervyn. Tulitaka kitabu kimoja kiwe tayari siku ya mkutano mkuu wa ukoo, kinachoeleza jinsi wazee wetu walivyopanda meli kutoka Silesia, kule kwa Wajerumani, wakimkimbia mfalme aliyetaka kuwafundisha namna ya kusali, na jinsi walivyofika katika bonde hili la Barossa, upande wa pili wa dunia, wakiwa na Biblia, mbegu na ubishi mwingi.

Zilikuwa siku tamu. Mjomba Elmore aliyapaka unga mawe ya makaburi ili herufi zilizofifia zionekane, na wewe ukamgombeza, "Wafu hawali mkate, Elmore! Rudisha unga wangu." Ulizunguka bonde zima ukinywa kahawa na vikongwe, kwa sababu ulisema karatasi hazikohoi wala hazicheki. Na Mervyn alikuwa pale kila wiki, akila keki yako yenye makombo ya siagi, akifuta mdomo kwa kitambaa ulichokifua wewe. Hilo tunalitaja makusudi.

Wasiomjua Mervyn Trebbin watamjua leo. Ndiye mwenye kiwanda cha mvinyo cha pale juu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mkutano wa ukoo, na ni mjukuu wa Oskar. Wewe ulikuwa mjukuu wa Gustav, kaka yake Oskar. Wakati wa vita vile vya kwanza vya dunia, nchi hii ikipigana na Ujerumani, Wajerumani wa bonde hili walipokuwa wakitazamwa kama nyoka, polisi walimkamata Gustav katikati ya mavuno, kikapu cha zabibu kikiwa bado mgongoni. Alipelekwa kambini, kisha kambi nyingine ya mbali zaidi, na homa ikamuua huko. Shamba lake likawa la Oskar. Baba yako Bruno alikulia kama kibarua katika mizabibu iliyopandwa na baba yake mwenyewe, akaambiwa maisha yake yote kwamba Gustav alijiponza kwa ulevi na mdomo mchafu. Alizeeka akiliamini hilo, akafa nalo.

Wewe hukuliamini. Ukaenda na Mjomba Elmore mpaka nyumba ya wazee kumwona Shangazi Adelheid, binti wa Oskar, aliyekuwa amezeeka sana lakini ulimi wake bado wembe.

"Shangazi," ukamwambia, "nimekuja kukuuliza habari za babu Gustav. Watu wanasema aliponzwa na mdomo."

Akacheka, kicheko kisichopendeza. "Mdomo? Mdomo ulikuwa wa baba yangu."

Akawaeleza kwamba alipokuwa msichana mdogo, baba yake Oskar alimpakia kwenye gari la farasi wakaenda mjini. Alimpa peremende akae kimya nje ya kituo cha polisi. Dirisha lilikuwa wazi. Akamsikia baba yake akisema kwamba Gustav amezika bunduki shambani na anamsubiri Mfalme wa Ujerumani. Hapakuwa na bunduki yoyote. Polisi walichimba safu baada ya safu, wakakuta mizizi.

"Mbona umenyamaza miaka yote hii, Shangazi?" ukamuuliza.

"Nani kanyamaza? Nilimwambia Mervyn. Akanipigapiga mkono akasema, 'Lala, Shangazi, lala.' Na mimi sikuwa na usingizi!"

Ulirudi nyumbani ukakaa kwenye gari muda mrefu bila kushuka. Baba akatoka kukutazama. Ukamwambia, "Clarrie, baba yangu aliomba msamaha maisha yake yote kwa ajili ya mtu asiye na kosa." Kisha ukaingia ndani ukaandika. Adelheid alifariki mwaka huo huo, na wewe ukampigia kinanda kwenye mazishi yake, safari hii polepole.

Uliisoma sura hiyo mbele yetu Jumapili ya kwanza baada ya ziara ile. Hukumtukana Oskar. Uliandika tu kilichosemwa na aliyekisema. Mervyn akatafuna keki mpaka ikaisha, akasema, "Kali hiyo. Niachieni mimi, nitaipeleka yote kwa mchapaji." Tukamwachia. Alikuwa ndugu.

Siku ya mkutano walikuja akina Trebbin kutoka kila upande, hadi Queensland na New Zealand, ukumbi wa Lindenhain ukajaa. Kitabu kiligawiwa mlangoni. Ulikifungua ukiwa kwenye foleni ya soseji, ukasoma umesimama, na mimi niliyekuwa nyuma yako niliona shingo yako ikibadilika rangi. Sura yako haikuwemo. Mahali pake paliandikwa kwamba Gustav alikamatwa kwa ulevi na maneno ya ovyo, na kwamba ndugu yake Oskar, kwa moyo wake mkubwa, alilitunza shamba na kuwalea watoto. Juu ya jalada palikuwa na jina moja tu, la Mervyn. Jina lako, tena lile la ndoa, lilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa: "Shukrani kwa Bi Verna Kuchler, kwa chai na keki."

Ukaenda mbele, mkoba wako begani.

"Mervyn, sura yangu iko wapi?"

Alikuwa ameshika kipaza sauti. "Sura yako si hiyo hapo, binamu! Tena bado nzuri." Ukumbi ukaangua kicheko.

"Sura ya Gustav," ukasema. "Uliyoambiwa na shangazi yako kabla sijaambiwa mimi."

Hapo ndipo alipokuzungushia mkono begani, akalegeza sauti kama mtu anayeomboleza. "Jamani, tumwombee Verna wetu. Siku hizi akili zinamruka kidogo. Meredith, mwanangu, mpeleke Mama kivulini apumzike."

Walipiga makofi, Mama. Ndugu zetu wa damu walimpigia makofi kwa upole wake. Na mimi nilikushika mkono nikakutoa nje.

Yaliyofuata yalikuuma kuliko kitabu. Wazee wawili wa kanisa walikuja, kofia mikononi, wakasema labda ungepumzika kidogo na kinanda. Watu dukani wakaanza kusema nawe polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayemsemesha mtoto. Ulipomwambia jirani amekosea tarehe ya ubatizo, alimtazama Baba kwanza ili ajue kama ni kweli. Wewe, uliyekuwa ukijua siku ya kuzaliwa ya kila mtu bondeni na ya mbwa wake! Ukaacha kwenda dukani. Ukaacha kupika matango. Saratani ilipokuja ilikukuta tayari umekaa chini.

Mchungaji Tscharke alikuja na meza ya Bwana kitandani pako. Alikuuliza kwa upole kama umemsamehe Mervyn. Ukafumba macho, tukadhani umelala. Kisha ukasema, "Nimemwachia Mungu. Mungu akichelewa, nina watoto."

Mervyn alituma shada kubwa kuliko yote. Mjomba Elmore alilirudisha mwenyewe, akalitupa juu ya boneti ya gari la Mervyn. Mervyn alitaka pia kubeba jeneza. Kaka yangu Darryl alimwambia, "Ukiligusa, nakuvunja kidole kimoja kimoja." Ni maneno mabaya ya kusemwa mlangoni pa kanisa, na hakuna aliyemkemea.

Baada ya hapo tukarudi kwenye meza ya jikoni. Kiti cha Mervyn tulikitoa nje, kuku wanakilalia. Tuliandika upya yote, na tukaandika pia jiwe lako. Tuliliandika kwa Kijerumani, kama mawe ya wazee wote wa safu ile, nalo linasema hivi: Hapa amelala Verna, mjukuu wa Gustav Trebbin. Gustav alisalitiwa kwa polisi na Oskar, ndugu yake wa tumbo moja, kwa tamaa ya shamba. Verna aliutafuta ukweli akaupata. Akili zake zilikuwa timamu hadi mwisho.

Tulimpelekea Mchungaji maneno hayo kwanza. Akayasoma mara mbili. "Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli," akasema Mjomba Elmore. "Nilimsikia Adelheid kwa masikio yangu."

"Basi hapa mmekosea herufi moja," akasema, akachukua kalamu.

Siku ya kulifunua jiwe, Mervyn alikuja bila kualikwa, na mpiga picha wake. Mama, ungekuwepo! Mtu aliyejifanya mlinzi wa mila za Kijerumani bonde zima, mwenye jina la ukoo kwa herufi za kizamani juu ya kila chupa yake, kumbe Kijerumani chake kinaishia kwenye "nzuri sana". Alilitazama jiwe, akaona jina la Gustav, akaona jina la babu yake Oskar, akaguswa. Akanishika mkono. "Asanteni kwa kumweka na babu yangu humu, Meredith. Hii ndiyo njia ya kuyamaliza mambo." Kisha akaweka kiganja juu ya jiwe, akatabasamu, akapigwa picha.

Bibi Leske, mmoja wa vikongwe uliokunywa nao kahawa, alikuwa nyuma yangu, naye anasoma Kijerumani kama maji. Alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yakawa yanaruka. Mervyn akadhani analia. Akampa leso.

Picha hiyo aliitoa yeye mwenyewe kwenye jarida la kiwanda chake, ukurasa wa mbele, likaenda kwa wateja wake wote, wa Ujerumani wakiwemo. Mmoja wao alimpigia simu kutoka Hamburg. Tumeyapata haya kwa mkewe Glenys, ambaye naye amechoka. "Bwana Trebbin," yule mteja alisema, "samahani, lakini mbona unatabasamu?"

Akaja kwetu jioni hiyo hiyo, uso mwekundu. "Litoeni! Wajukuu zangu wanapita pale kila Jumapili."

"Gustav naye alikuwa na wajukuu," Baba akamjibu, na Baba si msemaji. "Mmoja nilimuoa."

Nikamwambia sharti letu: asimame katika ukumbi ule ule, ashike kipaza sauti kile kile, aseme mbele ya ukoo kwamba Verna alikuwa mzima wa akili na yeye alilijua hilo. Akasema hawezi. Akaenda kwa baraza la wazee wa kanisa kudai jiwe ling'olewe. Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka mlangoni. Mzee mmoja, kati ya wale wawili waliokunyang'anya kinanda, akamuuliza, "Mervyn, jibu moja tu. Shangazi yako Adelheid aliwahi kukuambia habari hizi?"

Alitazama viatu vyake. Akapita katikati ya watu wote waliokucheka siku ile, akatoka nje bila kukana. Kisha yule mzee akageuka kwangu akatokwa na machozi. Sikumfuta. Sijamsamehe bado, na yeye anajua.

Jiwe lipo, Mama. Siku hizi Mervyn anaingia kanisani kwa mlango wa nyuma, ule wa karibu na choo. Kitabu chetu kimetoka, na jalada lina jina lako juu ya majina yetu yote.

Jambo moja la mwisho tukupe ulicheke. Juma lililopita Mervyn alimtuma Glenys kwa Mjomba Elmore. Anataka kuhakikishiwa kwamba siku yake ikifika atazikwa kwenye safu ya akina Trebbin, karibu na babu yake. Mjomba akaenda kupima. Safu imejaa. Imebaki nafasi moja tu, kando yako, upande ule maandishi yanakotazama. Tumempelekea jibu kwamba ni yake, karibu sana, na hatutampa mtu mwingine.

Unakumbukwa na mumeo Clarrie, wanao Meredith na Darryl, mdogo wako Elmore na mkewe Thora, wajukuu zako wote, na wale wa ukoo wa Trebbin walioomba radhi.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Na yeye hatutamwacha akusahau.